Pointi Zisizovuka Ziwa: Usajili na Mafunzo Endelevu kwa Wapimaji wa Kinga ya Mwili Visiwani

Mada iliyowasilishwa katika semina ya wahudumu wa maabara, Sena, Kisiwa cha Mfangano



Nimeombwa nizungumzie usajili na mafunzo endelevu kwa wataalamu wa kinga ya mwili. Maana za maneno nitazipitia mbiombio, kwa kuwa nyote mnazijua. Usajili ni kutambuliwa kisheria, leseni ni ruhusa ya kufanya kazi kwa muda uliowekwa, na mafunzo endelevu ni yale yanayokuja baada ya cheti cha chuo, nayo huhesabiwa kwa pointi. Mhudumu wa maabara nchini Kenya yuko chini ya Bodi iliyoundwa kwa Sheria Namba 10 ya 1999. Daktari ana Baraza lake. Hapo tumemaliza.

Labda mtu ataniuliza Mfangano kuna mtaalamu gani wa kinga ya mwili. Kwa cheo hicho hamtampata katika orodha ya watumishi, lakini kazi yenyewe inafanywa hapa kila asubuhi. Kipimo cha haraka cha VVU kinatafuta kingamwili. Kile cha malaria kinanasa protini ya kimelea kwa kutumia kingamwili zilizopakwa kwenye utepe. Cha kaswende, kama cha VVU, kinatafuta kingamwili. Na kila kimoja kina mtego wake. Mtoto wa mama mwenye VVU hubeba kingamwili za mamaye hata miezi 18, ndiyo maana damu yake hukaushwa kwenye karatasi na kupelekwa bara kupimwa virusi vyenyewe. Protini ya malaria hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Aliyetibiwa kaswende miaka iliyopita bado utepe wake unaweza kuonyesha mistari miwili. Asiyeyajua haya atamtibu mwenye afya kama mgonjwa, na mgonjwa atamrudisha nyumbani.

Wala hapa si mahali pa kubahatisha. Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulikuta asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay, kaunti yetu, walikuwa wakiishi na VVU, wakati nchi nzima ilikuwa asilimia 4.9. Kaunti hii hii ndiyo chanjo ya malaria ilikozinduliwa Kenya mnamo Septemba 2019. Mama akileta mtoto aliyechanjwa halafu kipimo kikaonyesha malaria, anayeulizwa "chanjo ilikuwa ya nini basi?" ni mtu wa maabara. Aliyemaliza chuo kabla ya hapo hakufundishwa jibu. Vilevile aliyefundishwa zamani kwamba dawa za VVU husubiri chembe za kinga za CD4 zishuke alilazimika kujifunza upya mwongozo ulipobadilika mwaka 2016, kila anayekutwa na virusi akaanza dawa.

Sasa nije kwenye jambo ninalolipigia kelele kwa miaka mingi. Zahanati nyingi za visiwani zina mhudumu mmoja wa maabara, na pointi ziko Kisumu, hotelini. Akienda kuzitafuta, maabara inafungwa. Semina ya siku mbili humla siku nne, maana ziwa likichafuka alasiri hakuna nahodha mwenye akili atakayeondoka Mbita. Siku hizo nne wajawazito wanaambiwa warudi wiki ijayo, na wenye homa wanapewa dawa kwa kukisia. Asipokwenda, leseni inamsumbua mwisho wa mwaka kwa kukosa pointi. Nauli na malazi ni vya mfuko wake, na ruhusa huombwa kwa barua inayojibiwa semina ikiwa imekwisha.

Tangu 2020 tunaambiwa dawa ni mikutano ya mtandaoni. Naishukuru, lakini tuseme ukweli. Mkutano unaanza saa nne asubuhi, foleni imefika mlangoni. Nimewaona wenzetu wakiegemeza simu kando ya hadubini, msemaji anaongea peke yake, bando linakwisha, huku wao wanachoma vidole vya wagonjwa. Jioni pointi zinaingia. Siwalaumu hata kidogo. Lakini pointi hizo zimepima nini?

Linganisheni na vichupa vya kupima umahiri mnavyoletewa. Ndani mna plazma iliyokaushwa pamoja na rangi ya kijani. Unaongeza bufa, unaviacha hadi kesho yake, kisha unapima kama unavyompima mgonjwa, bila kujua jibu. Ukikosea, inajulikana. Hapo hakuna kusinzia kwenye kiti cha nyuma.

Siilaumu Bodi, sheria inailazimu ihakikishe tunajiendeleza, na ni haki. Barua zangu kuhusu jambo hili zimepokelewa kwa heshima katika ofisi nisizozitaja, zikawekwa kwenye faili.

Mapendekezo yangu ni haya, na yakijirudia mnivumilie. Matokeo ya vichupa vya umahiri yapewe uzito katika leseni kuliko kuhudhuria semina. Kaunti iteue mhudumu wa zamu wa kushika nafasi ya anayekwenda mafunzoni, ili maabara isifungwe. Wakufunzi wavuke wao: boti moja ikimleta mkufunzi Sena, watu wa Takawiri na Remba watamfikia kwa gharama ndogo kuliko wote kwenda Kisumu. Mafunzo yahusu vipimo tulivyo navyo, pamoja na kutunza vitepe visipitishe nyuzi 30 za joto. Masomo ya mtandaoni yarekodiwe, mtu asikilize usiku, kisha ajibu maswali kabla ya kupewa pointi. Wale wa Muhuru Bay, kaunti ya Migori, washirikishwe, maana shida yao ni hii hii. Nauli ilipwe kabla ya safari. Barua ya ruhusa ijibiwe kabla ya semina. Narudia lile la mhudumu wa zamu, kwa sababu bila hilo mengine yote yatakwama.

Bwana Mwenyekiti, mratibu wa kaunti yuko nasi humu ukumbini. Naomba suala la mhudumu wa zamu liandikwe kwenye kumbukumbu za leo, na jina la ofisa atakayelishughulikia liandikwe pembeni yake, kabla hatujaenda chakula cha mchana.