Usubi na Dawa ya Bure

Ndugu msikilizaji wa Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, leo tuzungumzie usubi, ugonjwa unaofahamika sana katika mkoa wetu wa Ruvuma.

Ziwa letu halina kosa kwa ugonjwa huu. Nzi wadogo weusi wanaoueneza huzaliana kwenye mito yenye maji ya kasi, ile inayoteremka kutoka milimani Umatengo. Nzi mwenye maambukizi akikuuma, anakuachia minyoo. Hiyo ikikomaa hukaa chini ya ngozi hata zaidi ya miaka 10, ikizaa vitoto maelfu kwa maelfu. Vitoto hivyo ndivyo vinavyoleta muwasho usiokoma, ngozi ya kizee kwa kijana na, vikifika machoni, upofu.

Dawa ipo, ivamektini. Asili yake ni bakteria wa udongo wa Japani, na tangu mwaka 1987 kampuni ya Merck ya Marekani inaitoa bure kwa ajili ya usubi. Lakini dawa hii huua vitoto, si minyoo mikubwa. Ndiyo maana mgawa dawa na fimbo yake ya kupimia kimo hurudi tena na tena. Baba uliye kwenye kambi ya uvuvi, tafadhali usipitwe! Wajawazito, watoto chini ya miaka 5 na wagonjwa mahututi hawapewi.

Ukiwashwa au kuvimba baada ya kumeza, mara nyingi ni vitoto vinavyokufa. Mwone mhudumu wa afya. Na bibi ambaye macho yake yamefifia, mpelekeni zahanati. Huenda ni mtoto wa jicho, na ugonjwa huo hutibika kwa upasuaji.