Sauti ya Kiitikio: Vikundi vya Ngoma vya Wanawake wa Dar es Salaam na Kudai Uhuru kwa Amani



Mnamo Juni 1955 alifika Dar es Salaam John Hatch, ofisa wa Chama cha Labour cha Uingereza, akakutana na viongozi wa TANU, chama ambacho kilikuwa hakijatimiza mwaka mmoja tangu kuundwa kwake Julai 7, 1954. Katika mazungumzo aliuliza wanawake wa chama wako wapi. Swali hilo liliwaweka wenyeji wake mahali pagumu, kwani mikutano yao ilikuwa ya wanaume. Ndipo akatafutwa Bibi Titi Mohamed, ambaye yeye na mumewe walikuwa tayari wana kadi za mwanzo mwanzo za chama. Umri wake ulikuwa haujafika miaka thelathini, shule aliyosoma ilikuwa ya msingi tu, na sifa yake mjini haikutokana na siasa. Alikuwa kiongozi wa nyimbo katika kikundi cha ngoma cha wanawake. Kufikia Oktoba mwaka uleule wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamejiandikisha.

Idadi hiyo imezoeleka kuelezwa kwa kumsifu Bibi Titi, na sifa hizo ni haki yake. Hata hivyo, mtu mmoja haandikishi watu 5,000 kwa miezi mitatu. Bibi Titi mwenyewe alisimulia kwamba aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma na kuwaomba wawaite watu wao. Mhadhara huu unawaangalia hao walioitwa, yaani wale ambao katika wimbo kazi yao ilikuwa kuitikia. Swali lake ni la kiisimu: kiitikio kinafanya kazi gani ambayo hotuba haiwezi kuifanya?

Ngoma za wanawake za aina ya lelemama zilikuwa zimeenea pwani tangu mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Wanawake walijipanga safu, wamevaa sare, wakachezesha mikono kwa utulivu huku wakiitikia maneno ya kiongozi wao. Nje ya uwanja wa ngoma vikundi hivyo vilikuwa ni vyama kamili, vyenye viongozi, michango, kusaidiana katika harusi na misiba, na njia ya kupeleka habari mtaa hadi mtaa kwa siku moja. Wanachama walikuwa wa asili mbalimbali, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Chama cha siasa kilichotaka kuwafikia watu bila kuwagawa kwa makabila yao kilikuta kazi hiyo imekwisha kufanywa, tena kwa muda mrefu, na watu ambao hakikuwa kimewafikiria.

Isidhaniwe, lakini, kwamba waimbaji wanawake ni wapatanishi kwa maumbile yao. Nyimbo za lelemama zilikuwa na makali. Margaret Strobel, aliyechunguza vikundi vya Mombasa katika kitabu chake cha mwaka 1979, ameonyesha jinsi wimbo ulivyotumika kumwaibisha mwanachama aliyekiuka adabu na kukichoma kikundi pinzani. Mashindano yalikuwa makubwa, na gharama za karamu ziliwaelemea wengi. Kilichotokea Dar es Salaam mwaka 1955 ni kwamba chombo kilichonolewa kwa mashindano kiligeuzwa na kuelekezwa kwingine. Ugeuzaji huo ndio unaostahili kuchunguzwa, na sehemu yake moja imo katika sarufi.

Zipo lugha duniani zenye “sisi” mbili: moja humjumuisha anayesemeshwa, nyingine humtenga. Kiswahili kina moja tu. Kiambishi tu- hakisemi kama msikilizaji yumo au hayumo. Hilo huamuliwa na waliosimama pale wimbo unapoimbwa. Katika mashindano ya ngoma, “sisi” ya kikundi kimoja hueleweka dhidi ya “nyinyi” wa upande wa pili. Kikundi kilekile kikisimama katika mkutano wa hadhara, mbele ya vikundi vilivyokuwa wapinzani wake jana, “sisi” ileile huwafungulia mlango. Hakuna kiambishi kilichobadilika, wala haikuhitajika hotuba ya upatanisho. Waitikiaji walioongezeka ndio walioibadili maana. Watafiti wa fasihi simulizi wamezoea kuyachambua maneno ya kiongozi wa wimbo, ambayo ni mengi na yenye tamathali, na kukiruka kiitikio kwa sababu ni kifupi tena hurudiwarudiwa. Hapo wameacha sehemu kubwa ya kazi ya wimbo.

Kiitikio kina kazi nyingine, nayo inahusu nani awajibike kwa lililosemwa. Mhutubu ana jina, na maneno yake yanaweza kuandikwa na askari na kupelekwa mahakamani. Maneno yaliyotolewa na mmoja na kurudishwa na mia hayana msemaji mmoja. Jambo hilo lilikuwa na uzito katika miaka ile. Kwa waraka wa mwaka 1953 serikali ya kikoloni ilikuwa imewakataza watumishi wake Waafrika kujiunga na vyama vya siasa, na kwa sheria ya vyama ya mwaka 1954 iliweza kuyanyima matawi uandikishaji. Wanaume wengi wenye elimu walikuwa na ajira za kupoteza. Wanawake wa vikundi vya ngoma, ambao wengi wao hawakuwa na barua ya ajira wala cheti cha shule, waliweza kusimama pale ambapo makarani hawakuthubutu. Nchini Kenya hali ya hatari ilikuwa imetangazwa tangu Oktoba 1952, na kila mkusanyiko ulitazamwa kwa wasiwasi. Ni vigumu kulitangaza kuwa ghasia kundi la wanawake wenye sare wanaoimba kwa zamu. TANU ilichagua njia ya amani, na nidhamu ya safu na zamu ilikuwa tayari mikononi mwa wanawake hao.

Tofauti yaonekana zaidi kwa kumtazama Siti binti Saad wa Unguja, aliyefariki mwaka 1950. Yeye, binti wa Fumba aliyewahi kuuza vyungu, alirekodi santuri Bombay mwaka 1928 na baadaye akaandikiwa wasifu na Shaaban Robert. Wimbo wake kuhusu Kijiti unasimulia mauaji ya mwanamke mgeni, ambapo mtuhumiwa alitorokea bara na waliotiwa hatiani wakawa wanawake waliojitokeza kutoa ushahidi. Ni lawama nzito dhidi ya mahakama, lakini iliyoibeba ilikuwa sauti moja mashuhuri, na umashuhuri ndio uliokuwa kinga yake. Wanawake wa vikundi vya ngoma hawakuwa na kinga hiyo. Wingi wao ulikuwa kinga yao.

Sarufi iliyowasaidia ndiyo pia iliyowaficha. Ngeli ya a-/wa- haibagui jinsia: “mwananchi”, “mwanachama” na “ndugu” ni wa kike na wa kiume. Katika wimbo hilo liliwapa wanawake nafasi bila kuombwa radhi na mtu. Katika taarifa zilizoandikwa baadaye, “wanachama walijitokeza kwa wingi” ni sentensi sahihi ambamo safu nzima ya waimbaji imetoweka. Susan Geiger, mwanahistoria Mmarekani, katika miaka ya 1980 ilimbidi awaendee wanawake hao mmoja mmoja na kusikiliza masimulizi ya maisha yao, kabla ya kuandika kitabu chake cha mwaka 1997 juu ya wanawake wa TANU. Kwa masikitiko, kazi hiyo imesomwa zaidi katika madarasa ya historia kuliko ya Kiswahili, ilhali mengi ya masimulizi hayo aliyapata kwa lugha hii.

Baada ya uhuru wa mwaka 1961 shughuli za wanawake zilikusanywa chini ya UWT, iliyoundwa mwaka 1962 na kuongozwa na Bibi Titi. Yeye alijiuzulu mwaka 1967, akahukumiwa kifungo cha maisha katika kesi ya uhaini ya mwaka 1970, akaachiwa kwa msamaha mwaka 1972, na kwa miaka mingi jina lake likawa halitajwi hadharani. Alifariki Novemba 5, 2000, na leo barabara kuu ya Dar es Salaam yaitwa kwa jina lake. Majina ya waliokuwa wakimwitikia katika kikundi chake mengi hayakuandikwa popote. Wajukuu wao wapo, na wamo waliosikia nyumbani nani alisimama safu ya mbele, nani alishika michango, na nani alikataa kuimba na kikundi fulani hadi mkutano ulipowaita wote. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu aanze na hao, akiwa na daftari na kinasa sauti, kabla wazee waliobaki hawajaondoka.