Divai ya ukumbi wetu: tuchague kwa ulimi, si kwa jina

Maneno tuliyosema mbele ya wanachama katika kikao cha kamati ya ukumbi, Kalemie



Tunajua kuko watu watakaoshangaa: shirika la waliorudi kutoka ukimbizini, na leo tunazungumzia divai? Tena divai nyekundu ya Ulaya? Jibu ni fupi. Ukumbi wetu tunaukodisha kwa ndoa na sherehe, na faida ya vinywaji inaingia katika sanduku la kusaidiana wakati wa ugonjwa na msiba. Chupa ikiuzwa vibaya, ni mgonjwa anayekosa. Kwa wale wasiokunywa kwa sababu ya imani, tunawaheshimu, hatumsukumi mtu. Lakini pesa ni ya wote, kwa hiyo nao wasikilize.

Tuanze na kosa letu. Sisi tunaowasindikiza katika kazi hii tumesoma chuo kikuu, na tulifikiri tunajua. Mwaka jana tulishauri kamati inunue katoni tano za Bordeaux, chupa 30, juu jina ni kubwa na etiketi ina picha ya ngome. Kwenye ndoa ya kwanza wageni walionja, wakakunja uso, wakarudi kwenye bia. Mama mmoja wa jikoni alisema: "Hii inakausha mdomo kama ndizi mbichi." Chupa zikalala depo. Mwezi ule memba mmoja alilaza mtoto hospitalini, na sanduku likampa nusu tu ya haki yake, kwa sababu nusu nyingine ilikuwa imekaa ndani ya chupa. Kosa lile ni letu, tunaomba msamaha mbele yenu.

Bon, divai ile haikuwa mbaya. Ilikuwa si ya wateja wetu. Ule ukavu unaitwa tanini, unatoka katika maganda na mbegu za zabibu. Bordeaux iko karibu na bahari ya Atlantiki, jua lake ni la wastani, na zabibu ya Cabernet Sauvignon inayolimwa kule ina tanini nyingi. Kuko watu wanaipenda hivyo, wanaihifadhi miaka mingi mpaka ilainike. Wageni wetu wanataka kitu kingine: divai nzito, yenye nguvu, inayojaza mdomo kwa ladha ya matunda meusi yaliyoiva, karibu na konfitiri. Ndiyo maana wamezoea zile za Afrika Kusini. Ulaya pia zipo, lakini lazima kujua mahali pa kuzitafuta.

Shida ni hii: divai za Afrika Kusini zinaandika jina la zabibu kwenye etiketi. Ulaya, mara nyingi wanaandika jina la mahali tu. Basi tushike kanuni moja: tutafute kusini, kwenye jua kali. Jua likiivisha zabibu vizuri, matunda yanasikika na tanini inalainika.

Italia: kuko Primitivo ya Puglia, kule kwenye kisigino cha nchi. Zabibu hii inaiva mapema, na wataalamu wamethibitisha kwamba ni ileile inayoitwa Zinfandel Marekani. Kuko pia Nero d'Avola ya Sicilia, na Montepulciano d'Abruzzo. Hii ya mwisho tuwe macho: "Vino Nobile di Montepulciano" ni kitu kingine, inatoka mji wa Toscana na zabibu yake ni tofauti.

Uhispania: tutafute Garnacha ya Calatayud au ya Campo de Borja, na Monastrell ya Jumilla. Kule kuko maneno ya kusoma kwenye etiketi. "Joven" ni changa, matunda yako mbele. "Crianza" imelala kidogo kwenye pipa la mti wa mwaloni. "Reserva" na "Gran Reserva" zimekaa zaidi: bei inapanda, na ladha ya mti inaanza kufunika matunda. Kwa wageni wetu, Joven au Crianza inatosha. Tusilipe miaka ambayo ulimi wao hauitaki.

Ureno: Alentejo, na pia Douro, bonde lilelile linalotoa divai tamu ya Porto. Siku hizi zabibu zake zinatoa pia divai kavu yenye nguvu.

Ufaransa: tushuke kusini, Côtes du Rhône na Languedoc, kwenye zabibu za Grenache na Syrah. Grenache ndiyo ileile Garnacha ya Waspania. Bourgogne na Beaujolais ni nzuri, lakini ni nyepesi. Atakayetaka nguvu hataridhika.

Tusichanganye mambo mawili: matunda si sukari. Divai inaweza kunukia konfitiri na bado iwe kavu. Mgeni akisema "nataka tamu", tumuulize vizuri. Ikiwa anataka sukari, atafute neno "moelleux" au "doux". Ikiwa anataka matunda, tumpe hizi tulizotaja.

Tuangalie pia namba ya alkoli. Zikiandikwa 14 au 14,5, mara nyingi ni alama ya zabibu zilizoiva sana. Lakini namba hiyo ni onyo pia: bia nyingi ziko karibu na 5. Chupa moja ya sentilita 75 ni glasi tano za kawaida. Anayerudi na pikipiki asiipige kama bia.

Na joto, ndugu zetu! Divai ya Ulaya inasafiri mbali, na sehemu ya bidhaa zetu inapita Dar es Salaam na Kigoma kabla ya kuvuka ziwa. Kabla ya kulipa, tuinue chupa: kizibo kikiwa kimesukumwa juu, au divai imevuja shingoni, tusichukue. Depo, chupa zilale ubavu, mbali na jua na bati la moto. Kabla ya kumimina, nusu saa ndani ya frigo. Vitabu vinasema nyekundu inywewe kwa joto la chumba, lakini wanazungumzia chumba cha Ulaya, digrii 16 mpaka 18, si chumba cha Kalemie.

Chakula? Mbuzi wa kuchoma anaenda vizuri nayo. Samaki, tumwachie nyeupe au bia, juu tanini inaweza kumpa ladha ya chuma. Na pilipili ikizidi, alkoli inaongeza moto.

Pendekezo letu ni hili. Kabla ya kununua katoni, tununue chupa moja. Watu watatu wa kamati waionje, etiketi ikiwa imefunikwa kwa gazeti, na mmoja wao awe mama wa jikoni. Waandike kwenye daftari: jina, mahali, bei, maoni. Wakikubaliana, ndipo tulete katoni moja, si tano. Na sisi tuliosoma hatutakuwa na kura. Tutashika kalamu tu.

Ulimi wa mama yule ungetuokolea katoni tano. Mwaka huu tuulize kabla ya kulipa, ili mgonjwa atakayekuja na karatasi yake ya hospitali akute sanduku limejaa.