Kuliwekea Gari la Porini Breki ya Mkono Isiyotegemea Mafuta



Dereva wa gari la porini anapokwama korongoni na utingo wake akashuka kwenda kufunga waya wa winchi kwenye mti, uhai wa yule aliyesimama mbele ya bampa unashikwa na breki moja tu, ya mkono. Mada yangu inahusu breki hiyo kwenye magari yanayoundwa gereji, na ninalotaka kulisema ni hili: kuanzia kwenye wenzo hadi kwenye tairi, nguvu ya breki ya mkono ipitie kwenye chuma. Mafuta yasiwemo, umeme usiwemo.

Mfano ulio karibu nasi ni magari ya Rhino Charge, mashindano yaliyoanza Kenya mwaka 1989 ili kuchangia ujenzi wa uzio wa Aberdare. Anayeshinda si mwenye mbio, ni aliyefika kwenye vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi, na umbali mfupi maana yake ni kukata makorongo na kupanda miamba ambayo mtu mwingine angeizunguka. Gari la namna hiyo mara nyingi huanza kama Land Rover au Land Cruiser ya kawaida. Kisha ekseli hubadilishwa, springi huinuliwa, dramu za nyuma hung'olewa na diski kuwekwa mahali pake. Kwa magari ambayo breki ya mkono inavuta viatu vilivyomo ndani ya dramu, dramu ikitoka na breki hiyo imetoka. Siku hiyo mwenye gari halioni pengo, maana gari sasa linasimama vizuri kuliko mwanzo.

Pengo hilo wengi huliziba kwa vali ya kufungia presha: unakanyaga pedeli, unafunga vali, unatoa mguu. Kwa dakika chache inashika kweli, na hapo ndipo ilipo hatari yake. Fikirieni gari lililotoka kushuka mteremko mrefu. Diski na kalipa zimechemka, mafuta ndani ya kalipa yametanuka. Ukifunga vali wakati huo, presha uliyoifunga ni ya joto. Vyuma vinapopoa mafuta yanasinyaa, diski nayo inapungua unene, na presha inashuka pasipo mtu kugusa kitu. Ongezeni sili iliyochoka inayopitisha tone moja moja. Gari linaweza kutulia kwa muda mrefu, halafu likaanza kutembea wakati kila mtu ameshaacha kuliangalia.

Kanuni namba 13 ya Umoja wa Mataifa kuhusu breki za magari haikubaliani na mtindo huo. Inataka breki ya kuegesha ilishike gari mlimani hata dereva asipokuwemo, na sehemu zake zishikiliwe na kifaa cha kimakanika pekee. Kipimo chake ni mwinuko wa asilimia 18, gari likiwa na mzigo wake wote. Hicho ni kiwango cha barabarani. Porini tunahitaji zaidi. Kuliacha gari kwenye gia nako hakutoshi, kwani transfa ikiwa nyutro gia boksi haina mawasiliano yoyote na magurudumu.

Breki ya kimakanika inaweza kuwekwa kwenye magurudumu ya nyuma, au pale propela inapotokea kwenye transfa. Land Rover walichagua transfa tangu 1948 na wakabaki nayo hadi Defender ya zamani ilipoacha kutengenezwa mwaka 2016. Land Cruiser za mwanzo za mfululizo wa 40 nazo zilikuwa na dramu nyuma ya transfa. Kwa gari la watalii, ambalo siku nyingi liko barabarani, nashauri magurudumu: tafuteni diski yenye dramu ndogo katikati yake, inayovutwa kwa waya. Kwa gari la kupanda miamba nasimama na transfa, na sababu zangu ziko kwenye hesabu.

Chukueni gari la kilo 3,000 kwenye mwinuko wa asilimia 30. Nguvu inayolivuta chini ni kama niutoni 8,450. Kwa tairi lenye nusu kipenyo cha mita 0.4, magurudumu yanahitaji kuzuiwa kwa niutoni-mita 3,380. Difu yenye uwiano wa 4.1 inaupunguza mzigo huo, na kwenye propela zinabaki 824 tu. Sasa wekeni diski ambayo pedi zake zinabana sentimita 11 kutoka katikati, mkikadiria msuguano wa 0.35. Diski inabanwa pande mbili, kwa hiyo kalipa inatakiwa kubana kwa niutoni 10,700, yaani uzito wa zaidi kidogo ya tani moja. Mkono ukivuta kwa niutoni 400 na wenzo ukazidisha mara 6, waya unapata 2,400. Robo ikipotelea kwenye mikunjo ya waya zinabaki 1,800. Basi tafuteni kalipa ya kimakanika inayozidisha nguvu mara 6 au zaidi, na msinunue yoyote kabla ya kuipitisha kwenye hesabu hii kwa uzito wa gari lenu.

Kuna jambo la pili. Gari likielekeza pua chini, uzito hukimbilia mbele na nyuma pakawa pepesi. Breki inayoshika magurudumu ya nyuma peke yake inaweza kuyafunga barabara, na gari likateleza kwenye changarawe huku magurudumu hayazunguki. Breki ya transfa, ukiwa umeingiza magurudumu yote manne na habu za mbele zimefungwa, inayashika yote manne.

Udhaifu wake nao usemwe wazi. Difu isiyofungwa inaruhusu gurudumu moja lizunguke mbele na mwenzake nyuma. Tairi moja likiwa hewani, gari linaweza kuondoka ingawa propela haijasogea. Ndiyo maana kuinua gurudumu la nyuma la Land Rover kwa jeki bila kabari ni kujitafutia balaa. Vilevile jointi ya propela ikivunjika, ekseli ya upande huo haina breki ya mkono tena. Mwenye kufuli za difu azifunge kabla ya kushuka, na kabari ziwe ndani ya gari, mahali zinapofikiwa upesi.

Katika kufunga, kosa ninaloliona sana ni kuchomelea kishikio cha kalipa kwenye chasisi. Transfa imekaa juu ya raba, inacheza. Chasisi haichezi nayo. Diski itakuwa inaisukuma kalipa kila gari linapotikisika. Kishikio kifungwe kwenye mwili wa transfa yenyewe, kwa bolti za pale pale. Ganda la waya likazwe ncha zote mbili, lipite mbali na ekzosi. Sili ya nyuma ya transfa ibadilishwe kazi hiyo hiyo, kwa sababu oili inayovuja hapo huishia kwenye pedi. Taa ya onyo kwenye dashibodi ni lazima: kwa kilomita 60 kwa saa diski hiyo huzunguka zaidi ya mara 1,600 kwa dakika, na anayeendesha ameisahau breki ataichoma. Kwa sababu hiyo hiyo isivutwe gari likiwa mwendoni, isipokuwa breki ya mguu imekataa kabisa.

Majaribio yafanyike mlimani, gari likiwa na mzigo, injini imezimwa, gia boksi nyutro, transfa ikiwa kwenye magurudumu manne, kabari zimewekwa shibiri moja kutoka kwenye matairi, upande wa bondeni. Pigeni chaki kwenye tairi na kwenye ardhi. Vuteni breki, mwachie pedeli. Gari litasogea kidogo kisha lisimame. Huo ni mchezo wa meno ya difu na jointi, msishtuke. Ngojeni dakika tano, mtazame chaki. Ligeuzeni lielekee upande wa pili, mrudie. Halafu liendesheni, breki ya mkono ikiwa imeachiwa kabisa, mrudi na kuigusa diski ile: ikiwa ya moto, pedi zinakwaruza na waya umekazwa kupita kiasi.