Akili Hisia Wodini: Habari Mbaya Itakufikia Lini?



Mada niliyopewa ni akili hisia katika uongozi. Nitaijadili kwa swali moja: muuguzi wako akikosea dozi saa nane usiku, utaambiwa na nani, na lini? Kila mmoja wetu analo jibu, hata kama hapendi kulisema mbele za watu.

Mwaka 1990 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Peter Salovey na John Mayer, waliieleza akili hisia kuwa ni uwezo wa kutambua hisia zako na za wenzako, kuzitofautisha, na kuzitumia kuongoza fikra na matendo. Daniel Goleman akaitangaza duniani kwa kitabu chake cha mwaka 1995. Tangu hapo imefundishwa sana, na katika kufundishwa imegeuka kuwa jina jingine la upole. Hapo sikubaliani. Wapo viongozi wapole wasioambiwa ukweli, kwa kuwa wakipewa habari nzito huumia au hununa wiki nzima, na watu huona afadhali wawafiche.

Ushahidi ninaouthamini zaidi unatoka wodini kwenyewe. Katika miaka ya 1990 Amy Edmondson, akiwa mwanafunzi wa udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Harvard, alichunguza makosa ya dawa katika wodi nane za hospitali mbili za Marekani. Alitarajia kuwa timu zenye uongozi mzuri na maelewano zingekuwa na makosa machache. Takwimu zikamwonyesha kinyume: timu hizo ndizo zilizokuwa na makosa mengi yaliyojulikana. Alipochimba zaidi akaona kwamba huenda hazikukosea zaidi kuliko nyingine, bali zilithubutu kusema. Kwingine watu walinyamaza kwa kuogopa lawama. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1996, na kila msimamizi anayejivunia daftari la matukio lisilo na kitu angepaswa kuyatafakari.

Sasa tuje kwenye ripoti ya asubuhi. Muuguzi wa zamu ya usiku anasema mgonjwa wa kitanda cha nne alipewa dawa ya kitanda cha tano. Wodi nzima inakutazama wewe kabla hujafungua mdomo. Ukianza na “Nani kafanya hivi?”, umeshafunga mlango, hata ukisema kwa sauti ya chini. Ukianza na “Mgonjwa anaendeleaje, na daktari ameshaitwa?”, umeweka uhai wa mgonjwa mbele. Swali la “Ilikuwaje?” linafuata baadaye, pembeni, mkiwa mmeketi.

Ugumu ni kwamba dakika ile wewe mwenyewe unawaka. Nimeshawishika kwamba hasira nyingi za viongozi wa wodi ni hofu iliyovaa ukali: hofu ya mgonjwa kufa, ya ndugu zake watakaofika saa ya kuona wagonjwa, ya kuitwa na mganga mfawidhi. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake walionyesha, kwa kupiga picha za ubongo, kwamba mtu akiitaja hisia kwa jina lake, sehemu ya ubongo inayoshtukia hatari hupunguza kasi. Kwa hiyo jiambie kimoyomoyo, “Nimeogopa.” Halafu zungumza.

Wengine watauliza, je, nidhamu iende wapi? Nidhamu inabaki. Aliyekuja kazini amelewa, au aliyejaza chati ya dawa ambazo hakutoa, hatua zichukuliwe bila kuyumba. Lakini vichupa viwili vyenye lebo zinazofanana vikikaa trei moja, na muuguzi mmoja akiwa na wagonjwa wasiohesabika, kumkaripia yeye kunaacha trei vilevile hadi usiku mwingine. Kiongozi aliyetulia ndiye anayeiona trei.

Nina tahadhari moja kwa wasimamizi wa hospitali. Mwaka 1983 mwanasosholojia Arlie Hochschild aliandika kuhusu wahudumu wa ndege ambao tabasamu lilikuwa sehemu ya kazi waliyolipwa kuifanya, na jinsi mzigo huo ulivyowachosha. Tusiitumie akili hisia kumtaka muuguzi atabasamu huku zamu haijazwi na glavu zimeisha. Na kiongozi wa wodi anayepokea hofu za watu wote, za kwake anazipeleka wapi? Vikao vyetu vya kila mwezi vimejaa taarifa za vifaa na ratiba za likizo. Naomba majadiliano ya mchana yaanzie hapo: nusu saa ya kila kikao iwe ya viongozi kuelezana matukio yaliyowaelemea, bila kuandikwa kwenye muhtasari, na matroni awe wa kwanza kueleza la kwake.