Kusahihisha Mabango ya Mabaki ya Chakula: Tuliyojifunza Sotik



Mabango sita mnayoyaona ukutani ni toleo la tatu. Bango la kwanza, la shimo la mboji, tulilichora tukiwa tumekaa mezani, tukalipenda. Tulipolipeleka sokoni, mama mmoja muuza kabeji alilitazama kwa muda, kisha akauliza, "Hili shimo, mvua ya Aprili ikija itakuwaje?" Alisema kweli. Kwa mvua ya huku kwetu shimo la mboji hujaa maji, hewa ikakosa njia, na taka zikanuka badala ya kuoza vizuri. Bango sasa linaonyesha lundo juu ya ardhi, kimo cha mita moja hivi, limefunikwa kwa majani ya migomba na kuchomekwa fimbo katikati. Ukiichomoa fimbo baada ya siku chache ukaisikia moto mkononi, lundo linafanya kazi.

Bango la pili lilibeba takwimu ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa: mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ilitoka majumbani. Ni takwimu ya kweli. Lakini kijana wa bodaboda tuliyemwonyesha alisema, "Kumbe wazungu wanatupa chakula hivyo!" Tukaiondoa. Mahali pake pana gunia la majani ya nje ya kabeji, maganda ya viazi na parachichi zilizopondeka, jinsi linavyoonekana nyuma ya kibanda jioni ya siku ya soko.

La tatu ndilo lililoninyima usingizi. Tuliandika: "Usitupe, mpe ng'ombe." Maganda ya viazi na ndizi, sawa. Ila mtu mwenye debe la mahindi yaliyoshika ukungu naye angesoma hivyo hivyo na kutii. Mahindi ya namna hiyo huweza kuwa na sumukuvu, na ng'ombe akiyala, sumu hiyo hupita hadi kwenye maziwa, na kuyachemsha hakuiondoi. Katika eneo linaloishi kwa chai na maziwa, bango letu lingepeleka sumu kwenye kikombe cha mtoto, tena likiwa na mchoro mzuri. Sasa bango lina mikono miwili: mmoja unampa ng'ombe maganda mabichi, mwingine unamwaga mahindi yenye ukungu kwenye lundo. Naomba yeyote atakayechapisha mabango haya kwingine asiutoe mkono wa pili ili kupata nafasi.

Katika bango la nne tulikosea kuhusu jivu. Vitabu vingi vya mboji husema nyunyiza jivu, na kwa shamba la sukuma wiki halina neno likiwa kidogo. Mchai hupenda udongo wenye asidi, na jivu huipunguza. Kwa hiyo lundo linalokusudiwa kwenda kwenye chai tumelichora bila jivu.

Katika bango la tano, neno "mboji" nililitetea sana. Wasomaji walilipita bila kusimama, kwa sababu kwa mkulima wa chai mbolea ni ile ya gunia, NPK 26:5:5. Tumeandika "mbolea ya kujitengenezea," na watu wakasimama wakauliza bei yake. Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza.

Limebaki bango la sita, la ndoo mbili: inayooza na isiyooza. Sheria ya Kenya ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zitengwe hivyo. Hata hivyo, tukilibandika mahali penye pipa moja tu, tutakuwa tunamfundisha mama mboga kutenga taka asubuhi na kuzichanganya tena jioni. Pendekezo langu kwenu ni moja: bango hilo lisibandikwe popote kabla pipa la pili halijafika.