Mhadhara juu ya Jeni rad21 na Undugu wa Kromosomu



Ada ya mhadhara wa namna hii ni kwamba profesa aieleze fani yake kwa lugha ambayo hadhira yote itaifahamu, nami nimeona ni afadhali niitimize ada hiyo kwa jeni moja tu, iitwayo rad21, iliyomo katika hamira aina ya Schizosaccharomyces pombe, kuliko kuwatembeza katika nchi pana ya elimu ya urithi mkarudi nyumbani mmechoka wala hamkuona kitu. Hamira hii asili yake ni kwetu, kwa kuwa Mjerumani Paul Lindner, aliyeieleza mwaka 1893, aliipata katika pombe ya nafaka iliyotoka Afrika Mashariki. Lakini jaha yake iliipata ughaibuni, kwanza mikononi mwa Urs Leupold huko Uswisi na Murdoch Mitchison huko Edinburgh, hata ikampatia Paul Nurse fungu lake la Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Ina kromosomu tatu tu, nayo hujigawa kwa kukatika katikati, nusu kwa nusu, tofauti na hamira ya mkate ambayo huchipuza mtoto ubavuni.

Jeni yetu ilijulikana kwanza kwa njia ya madhara ya miale, basi tuanzie hapo. Miale ya gama ipitapo ndani ya seli huacha madhara ya namna nyingi, na lililo zito kuliko yote ni kukatika kwa nyuzi zote mbili za DNA mahali pamoja. Ukikatika uzi mmoja, mwenziwe aliyesalia huonyesha ni nini kilichopotea; zikikatika zote mbili, seli hujikuta katika hali ya katibu wa hati za kale ambaye ukurasa wake umeraruka na maneno yamepotea, naye hana budi kuazima nakala nyingine ya kitabu kile kile, aiweke ubavuni, anukuu neno kwa neno. Nakala hiyo aghalabu ni kromatidi ndugu, yaani pacha aliyezaliwa wakati seli iliponakili DNA yake ikijiandaa kugawanyika. Hamira yetu kwa kawaida ina seti moja tu ya kromosomu, kwa hiyo nje ya pacha huyo haina pa kuazima. Lakini sehemu kubwa ya maisha yake huipitisha baada ya kwisha kunakili, na kwa ajili hiyo nakala ya pili huwa tayari imo ndani karibu wakati wote.

Mwaka 1992 watafiti Birkenbihl na Subramani, wakifanya kazi San Diego huko Marekani, walitangaza kwamba wameipata jeni yenyewe ambayo hitilafu yake huifanya hamira hii ishindwe kuziunga DNA zilizokatika namna hiyo. Hitilafu waliyoichunguza, iitwayo rad21-45, ilikuwa ndogo mno: herufi moja ya DNA imebadilika, na kwa sababu hiyo asidi amino moja kati ya 628 za protini nzima imeacha nafasi yake kwa nyingine. Seli yenye ila hiyo huishi na kuzaana vizuri, ila ikipigwa na miale hufa upesi. Hapa pangeweza kuwa mwisho wa hadithi, lau kama watafiti hao wasingejaribu kuiondoa jeni yote; walipoiondoa, seli zilikufa hata bila ya kuguswa na mwale wowote. Naomba tusimame kidogo hapa, maana ndipo penye siri. Fundi wa kutengeneza vilivyovunjika, pakiwa hapana kilichovunjika, anaweza kukosekana na kazi ikaendelea. Na kwa hakika jeni nyingi za kutengeneza DNA huweza kuondolewa na hamira ikaishi. Iweje basi hii iwe faradhi? Ilikuwa dhahiri kwamba ina shughuli nyingine, tena kubwa zaidi.

Jawabu lilitoka mlango mwingine kabisa, tena kwa hamira ya mkate. Mwaka 1997 kundi la Douglas Koshland huko Baltimore na kundi la Kim Nasmyth huko Vienna, kila moja likiwa limeanza na swali la nini huwashika mapacha wasiachane kabla ya saa yao, yalifikia jeni moja, wale wakaiita MCD1 na hawa SCC1. Na ilipolinganishwa na zilizokwisha kujulikana, ikaonekana kuwa ni ya nasaba moja na rad21. Jinsi walivyohakikisha huko Vienna kwamba jeni hiyo ndiyo huwashika mapacha hunipendeza kila nikikumbuka. Waliipachika kromosomu moja alama inayong'aa kijani chini ya darubini, karibu na sentromea, yaani pale nyuzi za kuvuta kromosomu zinaposhika. Katika seli nzima, baada ya kunakili, mapacha wameshikana hata alama zao mbili huonekana kuwa nukta moja. Katika seli ambayo protini ya jeni hiyo imeharibiwa, nukta huwa mbili kabla ya wakati, zimetengana na kutangatanga, na nyuzi zinazovuta kromosomu hazina tena namna ya kujua nani apelekwe upande gani.

Leo tunafahamu kwamba protini ya Rad21 haifanyi kazi peke yake. Pamoja na mbili ndefu, ambazo katika hamira yetu huitwa Psm1 na Psm3, hufanya pete iitwayo kohesini, na rai iliyokubaliwa na wengi ni kwamba pete hiyo huwazunguka mapacha wote wawili ikawafunga pamoja, Rad21 ikiwa ndiyo kifungo chake. Wakati wa kuachana ukiwadia, kimeng'enya kiitwacho separasi huikata protini hiyo, pete hufunguka, na kila pacha huvutwa kwake. Ukataji huu ulionyeshwa na Frank Uhlmann na wenzake katika hamira ya mkate mwaka 1999. Ni tadbiri ya ajabu, maana protini nzima hutolewa sadaka ili kazi isiweze kurudi nyuma.

Tukiisha kulifahamu hilo, fumbo la mwaka 1992 hufumbuka lenyewe. Camilla Sjögren na Nasmyth walionyesha mwaka 2001 kwamba hamira ya mkate isiyo na mshikamano wa mapacha haiwezi kuunga DNA iliyokatika baada ya kunakiliwa. Na mwaka 2004 ikadhihirika kwamba mahali palipokatika huitiwa kohesini mpya, kana kwamba seli haitosheki na kifungo cha awali. Kwa hiyo mimi siafiki desturi ya vitabu vingi ya kusema kwamba jeni hii ina kazi mbili, kutengeneza na kugawa. Kazi yake kwa habari hizi ni moja, nayo ni kushika: anayeshikwa karibu aweza kunukuliwa, na walioshikwa wawili wawili waweza kugawanywa kwa haki. Sisi watafiti tuliiona mara mbili kwa sababu tuliivunja kwa njia mbili.

Lakini sitaki mdhani kwamba rai yangu imemaliza maneno. Binadamu naye anayo RAD21, na mwaka 2012 ilielezwa kwamba watoto fulani wenye hitilafu katika jeni hiyo huzaliwa na dalili zinazofanana na za ugonjwa uitwao Cornelia de Lange: kimo kifupi, wajihi wa namna yake, na pengine akili inayochelewa kukua. Ungetazamia kwamba katika seli za wagonjwa wa jamii hii kromosomu zimegawanyika ovyo. Aghalabu sivyo, mapacha hushikana na kuachana kwa utaratibu. Kinachoharibika zaidi ni uongozi wa jeni nyingine, ipi iamke na ipi ilale, kwa kuwa pete ile ile huikunja DNA moja katika vitanzi na kuzileta pamoja sehemu zilizo mbalimbali. Hapo hashikwi pacha na pacha mwenziwe, bali DNA hushikwa na nafsi yake, na utafiti wa maabara yetu katika miaka ijayo utaelekea huko.